Mama Magurudumu na Amri ya Kurudi Juu

Mke wangu analipwa na jeshi kutazama magurudumu. Nikisema hivyo watu hucheka wakidhani natia chumvi, kwa sababu mimi ni kinyozi, na kinyozi hasadikiwi upesi. Basi nieleze vizuri kabla sijaitwa mwongo.

Kambini, pale inapoanzia njia ya kurukia ndege, pembeni kwenye majani, kuna kibanda kidogo chenye vioo pande zote. Ndani mna kiti kimoja kirefu, redio, darubini, chupa ya chai na bastola mbili zilizoning'inizwa ukutani. Si bastola za kuua mtu. Moja hurusha fataki ya kijani, nyingine nyekundu. Kila ndege inayokuja kutua hupita jirani na kibanda hicho, chini kabisa, hata vioo vikatetemeka. Kabla haijafika, mke wangu huwa ameshainua darubini na kulichunguza tumbo lake. Magurudumu yametoka? Yote matatu? Yamenyooka? Kama ndiyo, hukaa kimya. Kama siyo, au kama hana hakika, hurusha fataki nyekundu na kusema redioni maneno mawili tu: "Rudi juu!"

Utauliza, kama nilivyouliza mimi wakati wa uchumba wetu, ni rubani gani mwenye akili timamu atakayesahau kushusha magurudumu. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto, akanijibu, "Wote." Kumbe ndege zile hukunja magurudumu yake tumboni zikiwa angani, na rubani anapokuja kutua huwa na mambo chungu nzima ya kufanya kwa wakati mmoja. Lazima aseme redioni, "Magurudumu chini, taa tatu za kijani." Sasa mdomo ukishazoea kusema, unasema tu, hata kama mkono haujagusa kitu. Mke wangu amewasikia watu wazima wakilitamka hilo kwa sauti tulivu kabisa, huku tumbo la ndege liko tupu. Ndiyo maana jeshi, pamoja na mitambo yake yote, bado linamlipa mtu akae kibandani na macho yake mawili. Marubani wanamwita Mama Magurudumu. Yeye anajifanya halipendi jina hilo.

Maana ya kurudi juu nimejifunza kwenye kiti changu cha kunyolea. Duka langu liko nje ya uzio wa kambi, na marubani wakishafungwa shuka shingoni huwa wasemaji wazuri. Kurudi juu ni kuacha kutua. Ndege imebakiza kidogo tu iguse ardhi, rubani anasukuma mkono wa injini mpaka mwisho, anainua pua, anauzunguka uwanja, anakuja upya. Kwa maneno ni kitu chepesi. Uzito wake uko kwenye namna neno lenyewe linavyotumika. Halisemwi na "tafadhali" wala "nadhani". Halina cheo. Mkubwa humwambia mdogo, na mdogo humwambia mkubwa. Na mwenye kuambiwa haulizi. Anarudi juu kwanza, maswali ni huku chini, injini ikishazimwa. "Hata mpishi akishika redio akasema rudi juu," rubani mmoja aliniambia, "unarudi juu. Mkishashuka ndiyo mnashikana mashati."

Pia wana desturi yao. Aliyerudishwa juu, akishaegesha ndege, hukatiza majani kwa miguu mpaka kibandani, kofia mkononi, asimame mlangoni aambiwe sababu. Haijalishi ni nani. Mkuu wa kambi mwenyewe ameshakatiza majani yale, na mke wangu akamwambia, "Gurudumu la kushoto, afande, lilikuwa bado tumboni." Akajibu ahsante, akarudi zake. Nilipoisikia habari hiyo nilivimba kichwa, nikawanyoa wateja wangu wa jioni nikipiga mluzi.

Nyumbani neno hilo limehamia kama paka wa jirani. Nikirudi kutoka dukani nimekunja uso kwa sababu ya mteja fulani, mke wangu hunisimamisha kizingitini. "Rudi juu." Natoka, naizunguka nyumba yangu mwenyewe kama mwehu, majirani wakinitazama, naingia upya na uso wa binadamu. Shemeji yangu aliwahi kuja kumposa binti yetu kwa niaba ya rafiki yake, akaanza kwa kusifu kiwanja cha yule rafiki kabla hata hajatusalimu. Alirudishwa juu mara mbili. Ya tatu hakuja tena, tukamalizia chai yake.

Huyo binti aliyekuwa anaposwa ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Ni mtoto wa marehemu mdogo wake mke wangu, tumemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Tulimwita Kijiti kwa wembamba wake, na mpaka leo ukimtazama kwa ubavu humwoni. Ananiita baba mkubwa, anamwita mke wangu mama mkubwa, lakini ukiniuliza nina watoto wangapi, namhesabu yeye wa kwanza. Alipokuwa mdogo mke wangu alimpeleka kibandani siku ya mapumziko, akamkalisha kwenye kile kiti kirefu. Mtoto aliporudi hakutaka kula. Alitaka kujua ni nani huendesha zile ndege, na kama lazima awe na masharubu.

Akakua, akafanya mitihani, akachukuliwa shule ya urubani pale pale kambini. Siku ile nilinyoa watu bure mpaka mashine ikapata moto. Furaha yangu ilikuwa na mwiba mmoja tu, ambao sikuuona mapema. Katika miezi yote ya mafunzo, wenzake karibu wote walirushiwa fataki nyekundu, huyu mara moja, yule mara tatu. Kijiti hata mara moja.

Basi maneno yakaanza. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana mrefu mwenye sauti nene, waliyempa jina la Spika. Siku moja nilikuwa nyuma ya pazia naosha vifaa, yeye na wenzake wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Nikamsikia. "Kijiti? Kijiti anabebwa, jamani. Mwenye bastola si mama yake? Nani ameona fataki ikimwendea?" Wakacheka. Nilikuwa na wembe mkononi, nikauweka chini taratibu, kwa sababu mimi najijua. Nikatoka, nikamnyoa kimya, na kisogo chake nikakiacha na mstari uliopinda kama barabara ya mlimani. Sijutii.

Usiku, wakati wa chakula, nililisema pale mezani. Nilitaka mke wangu apandishe hasira tuwe wawili. Yeye alimimina chai. Kijiti ndiye aliyesema. "Mimi nimeshasikia, baba mkubwa. Wananiambia hata usoni. Hilo ningelivumilia. Kinachonikosesha raha ni kwamba hata mimi sijui kama wanakosea."

"Hujui nini?" nikamuuliza.

"Sijui kama sijawahi kukosea, au kama nimekosea na mtu akanyamaza."

Nilimgeukia mke wangu amwambie. Mke wangu aliweka birika mezani. Akasema, "Nikikuapia utaniamini?"

"Nitataka kuamini, mama mkubwa."

"Siyo kitu kimoja," mke wangu akasema, akaondoka na vikombe.

Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia, na sheria yake kila mtu kambini anaijua: mwanafunzi akirushiwa fataki nyekundu kwa ajili ya magurudumu siku ile, urubani kwake umekwisha. Anapewa kazi nyingine au anarudi kwao. Mke wangu aliomba abadilishiwe zamu. Nilishangaa, maana hajawahi kuomba hata alipokuwa na homa. Lakini mwenzake wa zamu alikuwa kitandani, mgongo umemkamata hawezi hata kugeuka, na wa tatu hakuna. Akaambiwa akae kwenye kiti chake afanye kazi yake. Asubuhi hiyo aliondoka nyumbani hajamuaga Kijiti, na Kijiti hakumuaga yeye. Walipishana mlangoni kama wapangaji.

Nami nilifungua duka, maana kukaa nyumbani ningekula kucha. Mlangoni kwangu, ukisimama vizuri, unaona mwisho wa njia ya kurukia na kibanda cha mke wangu kikimeta juani. Upepo ulikuwa wa vumbi siku hiyo. Nilimkalisha mpishi wa kambi, mtu mnene mwenye kichwa kikubwa, nikaanza kumnyoa huku jicho moja liko nje. Nilijua mpangilio wao, walikuwa wameniambia wenyewe. Spika akatua, safi, lazima niseme ukweli. Baada yake ilikuwa zamu ya Kijiti.

Ikaja ile ndege ndogo. Nimeziona ndege zikitua nusu ya maisha yangu, na ile ilikuja imetulia kuliko zote, haipepesuki, inashuka kama inavutwa kwa uzi. Moyoni nikasema, mwanangu huyo. Nilikuwa sijamaliza kulisema hilo, fataki nyekundu ikapanda kutoka kibandani.

Ndege ikanguruma, ikainua pua pale pale, haikusita hata kidogo, ikapita juu ya kambi na kuanza kuzunguka.

Mpishi aligeuza shingo ndani ya shuka. "Nani huyo?"

"Mwanangu."

"Na aliyempiga fataki?"

"Mke wangu."

Mpishi aligeuza kiti kizima kielekee mlangoni. Tukaisubiri pamoja. Kijiti alikuja mara ya pili, na safari hii ilikuwa aibu tupu: ndege iligusa, ikaruka, ikagusa tena, ikaruka tena, ndipo ikakubali kukaa. Nilivua aproni yangu.

"Na kichwa changu?" akauliza mpishi. Nilikuwa nimenyoa nusu.

"Vaa kofia," nikamwambia, nikakimbilia kwenye uzio.

Raia haruhusiwi kuingia, kwa hiyo nilishika nyaya nikatazama. Baada ya muda nikamwona Kijiti anakatiza majani peke yake, kofia mkononi, vumbi linampita. Benchi zima la wanafunzi lilikuwa limesimama kule mbali. Alifika kibandani, mlango ukafunguliwa. Sikusikia neno hata moja. Nilimwona mke wangu amesimama juu ya ngazi, na binti yetu chini, na walivyosimama ilikuwa kama hawajuani. Kisha Kijiti akapiga saluti, akageuka, akarudi alikotoka. Mke wangu alifunga mlango. Ndege nyingine ilikuwa inakuja, nikamwona ameinua darubini.

Mke wangu alirudi nyumbani alasiri. Nilikuwa namngojea na maneno yangu nimeyapanga, lakini yeye aliwahi, hata viatu hajavua.

"Magurudumu yalikuwa chini," akasema.

"Nini?"

"Yote matatu. Vumbi lilipita mbele ya darubini. Nikayaona mawili ya nyuma, la mbele sikuliona. Sikuwa na hakika, nikapiga. Ndege ilipopita juu yangu nikaliona, lilikuwepo. Nimekosea."

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu yake. Nilimwambia amemmaliza mtoto. Nilimwambia angesubiri kidogo tu, kufumba na kufumbua, vumbi lingepita.

Akakaa kitini. "Angekuwa Spika, ningesubiri?"

Nikageukia dirishani.

"Nakuuliza wewe. Angekuwa Spika, na gurudumu silioni, ningesubiri?"

"Hapana," nikasema. "Usingesubiri."

"Basi."

Alinieleza mengine kwa sauti ya uchovu. Kijiti aliposimama mlangoni, alimwambia kama anavyowaambia wote: sikuliona gurudumu la mbele, sasa najua lilikuwepo, nimekosea mimi. Zamu ilipokwisha akaenda kwa mkuu wa kambi, akamwambia hivyo hivyo, mwenyewe, kabla hajaulizwa. Mkuu alimsikiliza, kisha akamuuliza, "Kesho ukiona vile vile, utafanya nini?" Akamjibu, "Nitapiga, afande." Mkuu akamwambia, "Haya. Kesho usichelewe." Kuhusu matokeo ya Kijiti hakuthubutu kuuliza, na mkuu hakusema.

Tulikaa sebuleni kama wafiwa. Hasira zangu zilikuwa zimekwisha, na mahali pake palikuwa na kitu kingine ambacho nilikionea haya kidogo, maana mtoto wetu alikuwa hatarini. Nilikuwa naona fahari. Nilimtazama yule mwanamke, na soksi zake zenye vumbi, nikasema moyoni kwamba nimeoa mtu.

Kijiti aliingia jua linazama. Akatuamkia, akaketi sakafuni karibu na miguu ya mama yake mkubwa kama alivyokuwa akifanya zamani. Uso wake haukusomeka.

"Ulikasirika?" mke wangu akamuuliza.

"Sana. Nilikutukana, mama mkubwa."

"Tusi gani?"

"Siwezi kulisema mbele ya baba mkubwa."

Mimi nikasema nimeshasikia yote dukani, aseme tu. Hakusema. Akaeleza yaliyotokea. Mpimaji alikuwa kiti cha nyuma, hatii neno, kama kawaida ya wapimaji. Magurudumu alikuwa ameyashusha mapema, akahakikisha, akahakikisha tena. Taa tatu za kijani zilikuwa zinamwangalia usoni. Hakuwahi kuja kutua vizuri kama siku hiyo. Kisha ile nyekundu. "Nilijua kabisa umekosea," akasema. "Nilikuwa na hakika kama nilivyo na hakika nimekaa hapa. Na nilijua sheria ya mtihani. Lakini mkono ulikuwa umeshasukuma. Matusi yalikuja baadaye, nikiwa juu."

Chini, mpimaji alimuuliza, "Taa zako uliziona?"

"Niliziona, afande. Zote tatu."

"Sasa kwa nini hukutua?"

"Niliambiwa rudi juu."

"Na huku kuruka kama chura mara ya pili, nako uliambiwa?"

"Hapana, afande. Huko ni kwangu mwenyewe."

Mpimaji alivua kofia yake. Kisha yule mzee akamwambia, "Kutua kama mtu nitakufundisha, wiki hii hii. Sheria ni ya wanaosahau magurudumu, na wewe hukusahau. Umefaulu. Ondoka mbele yangu kabla sijakumbuka ulivyoruka."

Niliruka mimi sasa. Niliimba, nilimwinua Kijiti kutoka sakafuni, nikampigia kelele jirani dirishani ambaye hata hakuuliza. Mke wangu hakusimama. Kijiti alijitoa mikononi mwangu, akarudi akapiga magoti mbele yake.

"Mama mkubwa. Leo nimejua. Hukuwahi kunibeba hata siku moja, na leo kila mtu ameona."

Hapo ndipo mke wangu alipolia. Nilikuwa naye tulipomzika mdogo wake, na siku ile hakulia hivyo. Alilia kwa sauti, ameficha uso shingoni mwa yule binti, na mimi nikaenda kuchemsha chai, kwa sababu nilikuwa karibu kuwafuata.

Asubuhi nilimmalizia mpishi nusu ya kichwa chake, bure. Alipotoka, aliyeingia alikuwa Spika. Nilimwonyesha kiti bila salamu nyingi, nikamfunga shuka, nikaikaza kidogo kuliko inavyostahili. Nilikuwa nimefika kisogoni ndipo akasema.

"Mzee, jana nilikuwa pale kwenye benchi. Niliona yote. Nimeshamwambia Kijiti asubuhi hii, mbele ya wenzetu wote, na wewe nakwambia."

"Umemwambia nini?"

Akanitazama kwenye kioo.

"Mtihani wa mwisho, taa zangu tatu za kijani, halafu niambiwe rudi juu," akasema. "Mzee, mimi ningetua."